Nikeli Ilitabiriwa Kweli, Ila Tuulize kwa Sababu Ipi

Mwaka 1999 wanafizikia watatu, Vladimir Anisimov na Danil Bukhvalov wa Yekaterinburg nchini Urusi na Maurice Rice wa chuo kikuu cha ETH Zürich nchini Uswisi, walichapisha makala katika jarida la Physical Review B yenye hoja ya kuvutia. Ikiwa oksidi za shaba zinapitisha umeme bila ukinzani wowote, walisema, basi nikeli, jirani wa shaba katika jedwali la elementi, nayo huenda ikaweza, mradi atomu zake zilazimishwe kukaa katika mpangilio fulani. Miaka 20 baadaye, Agosti 2019, kikundi cha Harold Hwang huko Stanford, Marekani, kilitangaza katika jarida la Nature kwamba nikeli imeweza. Tangu siku hiyo habari hii inasimuliwa kama ushindi safi wa nadharia: walitabiri, wakasubiri, ikatokea.

Mimi hilo la "safi" linanikwaza. Utabiri ulitimia, na waliotabiri wanastahili heshima yao. Lakini ukisoma walichokisema hasa, kisha ukatazama kilichotoka maabara, unaona hukumu imesimama huku ushahidi ukipwaya. Kwa mchezaji wa bahati nasibu hilo si neno. Kwa fizikia ni neno kubwa, kwa sababu anayepatia bila kujua amepatiaje hawezi kukuambia uelekee wapi kesho.

Kwa msomaji asiyeifahamu mada hii, jambo lenyewe ni hili. Umeme ukipita kwenye waya wa kawaida, elektroni zinagongana na vikwazo vya kila namna na sehemu ya nishati inapotea kama joto. Superkondakta ni kitu ambacho kikipozwa chini ya jotoridi fulani, hasara hiyo inakoma. Haipungui, inakoma. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hili huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, katika zebaki iliyopozwa hadi Kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi. Mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili, zikiwemo za hospitali kubwa za Dar es Salaam na Nairobi, zina koili za aina hii zilizozamishwa kwenye heliamu ya majimaji; ndiyo maana habari za kugunduliwa kwa heliamu ya Rukwa, Tanzania, zilipotoka mwaka 2016, MRI ilitajwa mapema kuliko maputo.

Maelezo ya kwa nini zebaki inafanya hivyo yalipatikana mwaka 1957, kazi ya Bardeen, Cooper na Schrieffer. Elektroni mbili, ambazo kwa kawaida zinasukumana, zinaunganishwa kuwa jozi na mitetemo ya fuwele yenyewe, na jozi hizo zinatembea pamoja bila kukwama. Uzuri wa nadharia hiyo ni kwamba inakokotoleka. Mwaka 2014 wanadharia wa China walikadiria kwamba mchanganyiko wa salfa na haidrojeni ukigandamizwa vikali ungekuwa superkondakta kwenye takriban Kelvini 200. Mwaka uliofuata Mikhail Eremets na wenzake huko Mainz, Ujerumani, waliripoti Kelvini 203 chini ya mgandamizo wa angahewa milioni moja na nusu. Tazama walichotaja kabla: kitu gani, mgandamizo kiasi gani, jotoridi lipi, na mitetemo ipi ndiyo inayofanya kazi. Vyote vinne vikapimwa. Kwangu mimi huo ndio utabiri.

Kuprati, yaani zile oksidi za shaba zilizotajwa mwanzoni, ni ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM nje ya Zürich, walikuta dalili za umeme usio na ukinzani kwenye takriban Kelvini 30 ndani ya oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba. Oksidi ni familia ya vyungu na vigae. Wachache walizitegemea kwa kazi hii. Mwaka 1987 kikundi cha Paul Chu na cha Maw-Kuen Wu vilivuka Kelvini 90 kwa kutumia itriamu, juu ya Kelvini 77 ambapo nitrojeni inachemka, na maana yake ni kwamba unaweza kupoza kwa nitrojeni ya bei nafuu badala ya heliamu ya ghali. Bednorz na Müller wakapewa Nobel mwaka huohuo, kasi ambayo kamati ile haina mazoea nayo. Kufikia 1993 oksidi yenye zebaki na shaba ilikuwa imezidi Kelvini 130.

Mitetemo ya fuwele peke yake haitoshi kueleza namba hizo. Wengi wanaamini gundi ya jozi inatokana na usumaku, yaani namna spini za elektroni jirani (spini ni ile tabia ya elektroni kuwa kama sumaku ndogo) zinavyopenda kuelekea kinyume. Philip Anderson alitoa pendekezo la aina hiyo mwaka 1987, na tangu wakati huo yamefuata mapendekezo mengi ya ukoo mmoja yasiyoelewana. Hata modeli ya Hubbard, ile hesabu inayoonekana nyepesi ya elektroni zinazoruka kutoka atomu hadi atomu na kuchukiana zikikutana, imewatoa watu jasho. Mwaka 2020 mahesabu makini yalionyesha kwamba katika umbo lake la msingi, pale ambapo ungeitarajia kuprati, usuperkondakta haupo. Mwaka 2024 mahesabu mengine, yaliyoruhusu elektroni kuruka pia kwenda atomu ya mshazari, yakaukuta. Kitu kidogo hivyo kinaamua kuwapo au kutokuwapo.

Sasa katika hali hiyo, mtu anayetabiri kuprati mpya anatabiri kwa kutumia nini?

Anatumia mfanano. Unaitazama kuprati, unaandika sifa zake, halafu unatafuta kitu kingine chenye sifa hizohizo. Shaba ndani ya kuprati ina elektroni 9 katika ganda la d, mojawapo ya matabaka ya elektroni kuzunguka kiini cha atomu, lenye nafasi 10, kwa hiyo limebaki tundu moja, na tundu hilo lina spini ya nusu. Kila atomu ya shaba imezungukwa na oksijeni nne katika mraba bapa, na miraba hiyo imeungana kuwa sakafu. Kabla hujaichanganya na kitu kingine, sakafu hiyo haipitishi umeme, na spini zake zinapishana juu, chini, juu, chini. Ukiondoa elektroni kidogo, usumaku ule unavunjika na superkondakta inazaliwa. Basi tafuta elementi nyingine inayoweza kuigiza mambo haya.

Waliotafuta ni wengi. Wojciech Grochala na Roald Hoffmann walielekeza macho kwenye floridi za fedha mwaka 2001; fedha iko chini ya shaba katika safu ileile, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba usumaku wake una nguvu inayokaribia ya kuprati. Mwaka 2008 Jiří Chaloupka na Giniyat Khaliullin walipendekeza kupanga tabaka za oksidi ya nikeli na oksidi nyingine kwa zamu. Mwaka 2011 Fa Wang na T. Senthil walitaja oksidi ya iridiamu, ambayo ikinyunyiziwa potasiamu juu ya uso wake imeonyesha tabia za elektroni zinazofanana na za kuprati kiasi cha kushangaza. Ukinzani sifuri uliothibitika, hata hivyo, haujatoka katika hayo yote. Fedha hasa ni mtihani wa kemia: floridi yake ni kali, inashambulia karibu kila kinachoigusa, na kuitoa elektroni chache kwa utaratibu si kazi ya kawaida.

Turudi kwenye nikeli, maana hapo ndipo mfanano ulipozaa.

Nikeli kwa kawaida ndani ya oksidi inatoa elektroni mbili au tatu. Ili ifanane na shaba inabidi itoe moja tu, ibaki na 9 katika ganda la d, hali ambayo haiipendi hata kidogo. Huwezi kuchanganya unga, ukachoma kwenye tanuru, ukaipata. Kikundi cha Stanford, ambapo Danfeng Li ndiye aliyekuwa mwandishi wa kwanza, kilizunguka nyuma ya mlango. Kilitumia leza kupaka utando mwembamba wa oksidi ya neodimiamu, strontiamu na nikeli juu ya kipande cha fuwele ya strontiamu na titaniamu. Utando huo bado ulikuwa na oksijeni zote, zile za sakafuni na zile zilizosimama juu na chini ya nikeli. Kisha ukafungiwa ndani ya mrija wa kioo pamoja na unga wa kalsiamu haidridi na kupashwa moto kwa saa kadhaa, chini ya nyuzi 300 za Selsiasi. Unga ule una uchu wa oksijeni. Unazinyonya zile zilizosimama, taratibu, na kuacha zile za sakafuni. Watafiti wenyewe walifananisha kazi hiyo na Jenga, mchezo wa vijiti ambao jina lake lilichukuliwa kwetu: unachomoa vipande vya katikati na mnara unabaki wima. Ukichomoa kidogo mno, nikeli haijafika. Ukizidisha, fuwele inabomoka. Maabara kadhaa zilijaribu kurudia na zikakwama kwa muda, na vipande vinene, visivyo utando, vilitengenezwa na kugoma kabisa kuwa superkondakta.

Utando ule ulipopozwa, ukinzani ulianza kuporomoka karibu na Kelvini 15. Dunia ya fizikia ikapiga makofi, na ilistahili.

Ila Anisimov na wenzake walikuwa wamesema nini hasa? Kwamba nikeli ikilazimishwa kwenye mraba bapa ingekuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, chenye spini za nusu, kama kuprati kabla ya kuchanganywa, na kwamba matundu yakiongezwa yangefanana moja kwa moja na yale ya kuprati. Kihami hicho hakikuonekana. Oksidi ya nikeli isiyochanganywa inapitisha umeme, vibaya lakini inapitisha, na mpangilio wa spini unaoenea fuwele nzima kama ule wa kuprati haukupatikana. Elektroni za neodimiamu, ambazo katika mfanano zilipaswa kukaa pembeni kimya, zinaingilia shughuli. Tena oksijeni, ambayo katika kuprati inashirikiana na shaba kwa ukaribu sana, hapa imekaa mbali zaidi kinishati.

Wala haya hayakuhitaji kusubiri maabara. Kwan-Woo Lee na Warren Pickett waliyaandika mwaka 2004, na kichwa cha makala yao kilisema wazi kwamba nikeli ya namna hii siyo shaba ya kuprati. Kwa miaka 15 makala hiyo ilisomeka kama hoja ya kukata tamaa. Baada ya 2019 ikageuka kuwa moja ya makala zinazonukuliwa sana katika uwanja huu, kwa sababu ilikuwa imeeleza tabia ya kitu kilichopatikana kuliko makala iliyotabiri kwamba kitapatikana. Hali hii naipenda, pamoja na ukatili wake kwa pande zote: aliyesema "ndiyo" alipatia jibu, aliyesema "siyo hivyo" alipatia maelezo.

Mtetezi wa mfanano ana hoja pia, na si nyepesi. Mwaka 2021 vipimo vya miale ya eksi vilionyesha kwamba ndani ya utando ule spini jirani bado zinasukumana kuelekea kinyume, kwa nguvu inayofika karibu nusu ya ile ya kuprati. Kwa hiyo roho ya kuprati imo, hata kama mwili umebadilika. Na kuna kazi ya Motoharu Kitatani, Karsten Held na wenzao, iliyochapishwa mwaka 2020, ambayo nadhani ndiyo iliyostahili sifa nyingi zilizokwenda kwingine. Walisema: ondoa kelele za neodimiamu, baki na bendi moja ya nikeli, yaani kundi moja la ngazi za nishati ambamo elektroni zake zinakaa, ikokotoe kwa modeli ya Hubbard. Kisha wakachora mstari wa jotoridi dhidi ya kiasi cha strontiamu, ukipanda na kushuka kama kuba, wenye kilele mahali fulani na mipaka pande mbili. Vipimo vya awali havikukaa sawasawa juu ya mstari huo. Mwaka 2023 Stanford walitengeneza tando safi zaidi, na namba zikausogelea mstari kuliko zile za tando chafu.

Mstari kama huo ungeweza kukosea hadharani. Kiasi hiki cha strontiamu, jotoridi hili: ukipima ukakuta tofauti, mwandishi hana pa kujificha. Mfanano haukupi nafasi hiyo. Nikeli isingepita, tungesema haikufanana vya kutosha, na ilipopita tukasema tulijua. Kundi la Kitatani na Held mwaka 2023 lilikwenda mbele na kutaja oksidi za paladiamu zinazoweza kuzidi nikeli. Hao wamejiweka kitanzini kwa hiari, na ndivyo inavyotakiwa.

Halafu ukaja Julai 2023, mwezi ambao uliukata mjadala wote kwa ubavu.

Kikundi cha Meng Wang wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Guangzhou, kilichapisha katika Nature oksidi nyingine ya nikeli, La3Ni2O7. Ukiigandamiza kupita gigapaskali 14, karibu mara 140,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, dalili za usuperkondakta zinaonekana kwenye takriban Kelvini 80. Tumetoka 15 hadi 80, juu ya mpaka wa nitrojeni. Chukua sasa orodha ya mfanano uipitie. Elektroni 9? Hapana, kwa wastani ni 7.5. Mraba bapa? Hapana, oksijeni za juu na chini zipo mahali pake, hakuna aliyezichomoa. Tundu moja katika obitali moja, yaani umbo moja la makazi ya elektroni kuzunguka atomu? Hapana, obitali mbili zinashiriki, na mojawapo imesimama wima ikiunganisha sakafu mbili za nikeli kupitia oksijeni iliyo kati yao. Kitu hiki kilishindwa karibu kila swali la mtihani ule na bado kikashinda kwa mbali kile kilichofaulu.

Wiki zilizofuata zilijaa makala za nadharia. Modeli za sakafu mbili, za obitali mbili, gundi ya aina hii, gundi ya aina ile. Sina ugomvi na mtu anayejaribu kueleza kilichokwisha kuonekana. Hiyo ni nusu ya kazi ya sayansi. Lakini kuna mtu aliyekuwa amefika kabla. Mwaka 2017 Kazuhiko Kuroki, mwanafizikia wa Osaka, na wenzake walikuwa wakichunguza swali la kimodeli tu: sakafu mbili zikiunganishwa kwa nguvu, bendi moja ikagusa tu ukingo wa nishati ambapo elektroni zinatembea, je, jozi zinapata nguvu zaidi? Wakakuta zinapata. Ndipo wakatafuta ni kitu gani halisi kinachokaribia hali hiyo, na kati ya walivyovitaja kulikuwa na La3Ni2O7. Hawakuanzia kwenye kuprati kwa sura yake. Walianzia kwenye sababu, kisha wakaenda dukani kutafuta bidhaa. Makala hiyo haikupigiwa kelele ilipotoka.

Kejeli ya kalenda ni kwamba siku chache baada ya Guangzhou kuchapisha, macho ya dunia yalihamia LK-99, kipande chenye madini ya risasi, fosfati na shaba kutoka Korea Kusini kilichodaiwa kuwa superkondakta hata katika joto la chumba. Ndani ya siku kumi hivi hesabu za kompyuta kutoka Maabara ya Lawrence Berkeley zilionyesha kwamba muundo ule ungekuwa na bendi bapa za elektroni, jambo ambalo huambatana na superkondakta fulani. Mwandishi hakudai zaidi ya hapo. Mitandaoni ikasomwa kwamba Marekani imethibitisha. Kufikia katikati ya Agosti ilijulikana kwamba mruko wa ukinzani ulitokana na uchafu wa salfidi ya shaba, na fuwele safi zilizokuzwa Stuttgart zilitoka za zambarau, zinapitisha mwanga, na hazipitishi umeme. Bendi bapa zilikuwa sifa inayofanana tu, si uthibitisho. Mfanano tena.

Wapo watakaosema ninakuwa mkali, kwamba bila mfanano Hwang asingepoteza miaka akinyonya oksijeni kutoka kwenye utando. Kweli kabisa, na bila nikeli ile ya 2019 pengine La3Ni2O7 isingebanwa kati ya almasi mbili huko Guangzhou. Ramani mbovu inaweza kukufikisha mjini. Ninachokataa ni kuandika kwenye vitabu vya wanafunzi kwamba nadharia ya kuprati ilithibitishwa na nikeli, wakati nadharia yenyewe inayokubalika haijaandikwa, na nikeli bora tuliyo nayo inavunja masharti yaliyotajwa.

Tangu hapo kazi imeharakishwa. Kati ya mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025 vikundi viwili, Stanford na Shenzhen, vilichapisha tando za La3Ni2O7 na ndugu zake ambazo zinaanza kuwa superkondakta kwenye jotoridi la juu kidogo ya Kelvini 40, bila mgandamizo wa almasi; fuwele iliyo chini ya utando ndiyo inayoubana kwa ubavuni. Faida ni kwamba sasa unaweza kuuweka utando huo wazi mbele ya vyombo, ukaumulikia mwanga na kuhesabu elektroni zinazoruka, jambo lisilowezekana ndani ya kibano cha almasi. Swali linalogombaniwa ni la ile obitali iliyosimama wima: je, bendi yake inafika kwenye ukingo wa nishati ambapo elektroni zinatembea, au inaishia chini yake? Vipimo vya kwanza vya vikundi tofauti havikukubaliana. Ikifika, baadhi ya modeli zilizoandikwa katika mbio za 2023 zitakaa vizuri na nyingine zitafutwa. Ikiishia chini kidogo tu, hali hiyo inasogelea ile aliyoichunguza Kuroki mwaka 2017, kabla usuperkondakta haujaonekana katika jiwe hili.